Macha yako chungu kama mwarobaini? Tutafute kosa liko wapi

Siku ya kwanza nilipompigia bibi macha, ile chai ya kijani ya Kijapani ya unga inayopigwa na maji hadi itoe povu, kule Tanga, alionja funda moja, akaliweka bakuli chini taratibu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, nani kakwambia mimi nina malaria?" Alidhani nimemchemshia mwarobaini. Unga ulikuwa mzuri, niliubeba mwenyewe kutoka Kyoto nilikokaa miaka miwili. Ila maji nilikuwa nimeyatoa jikoni yakitokota na kuyamimina moja kwa moja juu ya unga, kama tunavyofanya kwa chai ya rangi.

Tangu hapo watu hunitumia picha: bakuli limejaa madonge, povu limekufa, unga umegeuka rangi. Karibu wote huanza na swali lilelile: "Nimeuziwa feki?" Mara nyingine ndiyo. Mara nyingi, hapana. Ndiyo maana mimi hukagua maji kwanza, kisha madonge, kisha mkono, na kopo nalilaumu mwisho.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, tukubaliane mzima anafananaje. Macha nyepesi, ambayo Wajapani huiita usucha, ni gramu 2 za unga kwa maji ya mililita 70 hivi, joto la nyuzi 70 hadi 80, inapigwa kwa sekunde 15 au 20. Gramu 2 ni kijiko cha chai kilichosawazishwa, au vijiko viwili vya chashaku, kile kijiti cha mwanzi kilichopinda ncha. Mililita 70 ni maji kidogo sana, karibu na kikombe cha kahawa ya barazani. Ukijaza kikombe cha chai hadi ukingoni, mengi ya hapa chini hayatakuhusu, maana kosa lako ni moja tu: umezamisha.

Ni chungu mno, na ulimi unakauka

Tenganisha mambo mawili. Uchungu kidogo ni haki yake, hii ni chai. Ukakasi, ile hali ya ulimi kukunjamana kama umetafuna ndizi mbichi, ndio dalili ya ugonjwa.

Mkulima wa Uji au Yame, sehemu za Japani zinazolima chai hii, huifunika mibuni yake ya chai, niseme michai, kwa siku 20 au zaidi kabla ya kuchuma. Zamani walitumia mikeka ya matete na majani makavu ya mpunga. Siku hizi wengi hutumia nyavu nyeusi. Jua ndilo linalogeuza theanini, kinachoipa chai utamu wake wa mchuzi, kuwa katekini zenye ukakasi. Jani lililokaa kivulini hubaki na theanini nyingi, na huwa la kijani kweli kweli. Maji ya vuguvugu huitoa theanini bila shida. Maji yanayotokota hutoa kila kitu, katekini na kafeini zikiwa mbele. Kwa hiyo mtu anayemimina maji ya nyuzi 100 anaitupa kazi ya wiki tatu ya mkulima kwa sekunde moja.

Dawa yake haihitaji kipimajoto. Chemsha maji, yamimine kwenye kikombe kitupu, kisha kikombe cha pili. Kila unapohamisha, joto hushuka kama nyuzi 10. Kwa Dar, Mombasa au Unguja hamisha mara mbili. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo mara moja na kusubiri kidogo kunatosha. Njia ya haraka zaidi, ninayoitumia asubuhi nikiwa nimechelewa: vipimo viwili vya maji yanayotokota kwa kimoja cha maji safi ya kunywa yasiyo ya friji. Unapata nyuzi 75 au 76. Usiniulize kwa nini miaka miwili yote nilikuwa nikiyapepea kwa kitabu.

Umerekebisha joto na ukakasi bado upo? Kagua maji yenyewe. Maji ya Japani ni laini, na chai hii imelelewa nayo. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo nusu ya Dar tunayaoga, huifanya macha iwe butu na rangi yake ipauke. Jaribu mabakuli mawili, moja la maji ya bombani au kisimani, moja la maji ya chupa, kila kitu kingine kiwe sawa. Ukiona tofauti, umepata jibu kwa bei ya chupa moja.

Na kitamu chako ulikula saa ngapi? Kwenye chai ya Kijapani kitamu huliwa kwanza, kikaisha, ndipo bakuli linaletwa. Utamu unabaki mdomoni kuupokea uchungu. Wazee wetu wa kahawa na kashata wanaijua hesabu hii, na wale wa Muscat wanaotanguliza tende pia. Bibi yangu niliporudi kwake mara ya pili nilianza na kipande cha halua, maji nikayapoza, na alimaliza bakuli. Alisema tu kwamba "siyo mbaya, ila ina harufu ya mwani." Hilo siyo kosa. Macha nzuri ina harufu ya bahari kidogo.

Ina madonge

Hapa ndipo Mswahili ana faida kuliko mtu yeyote duniani. Mji maarufu kuliko yote kwa chai hii, kusini mwa Kyoto, unaitwa Uji. Jina limeangukiana tu na letu, lakini mimi hulichukulia kama maelekezo ya mapishi, kwa sababu anayejua kupika uji usio na mabuje anajua kutengeneza macha.

Fikiria unavyoanza uji. Humwagi unga kwenye sufuria la maji moto. Unaukoroga kwanza pembeni kwa maji baridi kidogo hadi ulainike, ndipo unaumimina. Na macha ni hivyohivyo: weka unga, tia kijiko kimoja au viwili vya maji yasiyo moto, sugua polepole kwa chaseni (kile kipigio cha mwanzi) hadi upate rojo laini linalong'aa. Kisha maji mengine yote, na hapo ndipo upige.

Lakini rojo halitafuta dhambi ya kutochekecha. Unga huu ni laini mno. Jiwe la kusagia linazungushwa taratibu ili unga usiungue, na hutoa gramu 40 tu hivi kwa saa, maana yake kopo la gramu 30 ni dakika 45 hivi za jiwe moja. Chembe za ulaini huo hushikana zenyewe, kwa umeme tuli na kwa unyevu. Utaziona koponi kama vijiwe vya kijani. Chekeche dogo la chai lenye matundu membamba linatosha: upitishe unga kwa mgongo wa kijiko, moja kwa moja kwenye bakuli. Sekunde 20. Watu wengi huruka hatua hii, kisha hutumia dakika tano wakipigana na donge lililoganda chini ya bakuli.

Ukichekecha na bado kuna madonge, gusa bakuli. Je, lilikuwa limelowa? Wajapani hupasha bakuli kwa maji moto kisha hulifuta kwa kitambaa hadi likauke kabisa. Tone moja lililobaki hunasa unga kabla hujaanza. Kwa joto la pwani wala huhitaji kulipasha. Hakikisha tu ni kavu.

Kuna kitu kingine watu huita madonge na siyo: ule unga unaokaa chini ukiacha bakuli dakika kumi. Macha haiyeyuki. Imeelea tu, na ukiisubirisha itatua. Inywe ikiwa bado ina povu, mafunda matatu au manne, bila kwenda kupokea simu.

Povu halitoki

Nilipopiga simu ya video na shemeji yangu aliyeko Arusha, nikamwambia, "Nionyeshe mkono wako, shem, siyo bakuli." Alikuwa akizungusha chaseni kama anayekoroga sukari, na huku akiikandamiza chini kama anayesugua sufuria. "Mbona unanitazama hivyo?" akaniuliza. Kukoroga kwa mduara kunazungusha maji tu. Povu linataka hewa, na hewa inaingia kwa mwendo wa mbele na nyuma, upesi, kama unaandika herufi W nyingi juu ya nyingine. Bega litulie, kiwiko kitulie, kifundo cha mkono ndicho kifanye kazi. Meno ya chaseni yakaribie chini ya bakuli bila kulisugua.

Sekunde kumi za mwanzo piga chini, baadaye inua chaseni hadi karibu na uso na upunguze mwendo. Hatua hii ya pili ndiyo inayovunja mapovu makubwa ya sabuni na kuacha povu dogo dogo, zito, kama la maziwa yaliyochemka vizuri. Mwisho zungusha mara moja polepole na uitoe chaseni katikati.

Kama mkono uko sawa, angalia mambo haya kwa haraka. Chaseni kavu haichezi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika moja kwanza, meno yalainike. Kikombe chembamba hakina nafasi ya mkono, tafuta bakuli pana, hata la supu linafaa. Maji mengi kupita mililita 80 hupunguza nguvu, na maji yaliyopoa sana pia. Unga wa zamani hutoa povu linalokufa mara moja. Chaseni yenye meno 80 au 100 inapiga povu kirahisi kuliko yenye meno machache manene, ambayo kazi yake ni nyingine. Kile kipigio kidogo cha betri nacho kinafanya kazi, sitamkataza mtu, ingawa povu lake huwa na mapovu makubwa zaidi.

Halafu kuna watu wanaotibu ugonjwa usiokuwepo. Shule tatu kubwa za chai zimetokana na ukoo wa Sen no Rikyū, bingwa wa chai wa Japani aliyeishi kuanzia 1522 hadi 1591, na hazikubaliani kuhusu povu. Urasenke hufunika bakuli lote kwa povu. Omotesenke hupiga kidogo na kuacha sehemu ya uso wazi, umbo la mwezi mchanga. Kwa hiyo bakuli lako la povu nusu huenda halijaharibika. Lina madhehebu tu.

Na kama ulichotengeneza ni koicha, macha nzito, povu ndilo kosa. Hiyo ni gramu 4 kwa mtu kwa maji nusu ya yale ya kawaida, na inasongwa polepole kwa zile chaseni za meno machache, hadi iwe kama uji mzito unaoteleza bakulini. Hapa ubora wa unga hauna pa kujificha. Unga wa kati unaovumilika kwenye usucha, ukiufanya koicha utaujutia.

Rangi siyo kijani, au ladha ni ya majani makavu

Sasa tumefika kwenye kopo. Mwaga unga kidogo juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa dirishani. Macha nzuri iliyo hai ni kijani cha jani changa la mpunga, inang'aa. Ukiona rangi ya unga wa hina, ya njano iliyochanganyika na kahawia, kuna mambo mawili: ama imezeeka ama haikuwahi kuwa macha.

Yapo majani ya chai ya kijani yasiyofunikwa kivulini, yaliyosagwa tu yakawa unga. Ni chai halali na Wajapani wenyewe wanaiuza kwa jina jingine. Macha inatokana na tencha: majani yaliyokaa kivulini, yakapigwa mvuke, yakakaushwa bila kusokotwa, yakatolewa vijiti na mishipa, ndipo yakasagwa. Paka kwa kidole kwenye ile karatasi. Tencha iliyosagwa vizuri huacha mstari mlaini kama wanja. Ukihisi mchanga, unajua.

Kuhusu maandishi ya "daraja la sherehe" (ceremonial grade) kwenye kopo: usiyalipie peke yake. Hakuna sheria Japani inayoweka daraja hilo. Ni maneno ya biashara yaliyokua kwa ajili ya wateja wa nje, na yeyote anaweza kuyachapa. Mimi mwenyewe niliagiza mfuko wa gramu 100 kwenye duka moja la mtandaoni, umeandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu, ukaja na rangi ileile ya hina. Binamu yangu aliuliza kwa dhati kama auweke mikononi kwa ajili ya harusi. Duka la chai la Kijapani hulipa kila mchanganyiko jina lake na kukwambia unafaa koicha au usucha. Tafuta mahali ilikotoka (Uji, Nishio, Yame, Kagoshima), tarehe, na orodha ya viambato yenye kitu kimoja tu. Ukiona sukari au maziwa ya unga, hicho ni kinywaji cha kuchanganya. Ujazo nao unasema: iliyo nzuri huuzwa kwa gramu 20, 30 au 40. Mfuko wa nusu kilo kwa bei ya kutupa una hadithi yake. Na tangu vuli ya 2024, mahitaji yalipopanda hadi maduka makongwe ya Kyoto yakaweka kikomo cha makopo kwa mteja, hadithi hizo zimeongezeka.

Kama ilikuwa kijani ulipoinunua na imebadilika mikononi mwako, basi ni mwanga, joto, hewa au unyevu. Ukishafungua kopo, jipe mwezi mmoja hivi uimalize. Iweke kwenye friji ikiwa imefungwa kabisa, kwa sababu unga huu hunyonya harufu. Nimewahi kunywa macha ya dagaa na kitunguu, na mwenye nyumba alinitazama hadi nikamaliza.

Hapa pana mtego wa pwani ambao vitabu vya Kyoto havikuonyi vya kutosha. Unatoa kopo la baridi, unafungua papo hapo, na hewa ya Dar ya mwezi wa tatu inaingia na unyevu wake wote. Unyevu unatonesha ndani ya kopo kama unavyotonesha nje ya chupa ya soda. Siku tatu baadaye una mabuje na harufu ya majani makavu, na unamlaumu muuzaji. Acha kopo juu ya meza likiwa limefungwa hadi lisiwe baridi mkononi, ndipo ulifungue. Au gawanya: kiasi cha wiki kwenye kichupa kidogo, kilichobaki kisiguswe.

Moyo unakwenda mbio, au tumbo linachafuka

Gramu 2 za macha zina miligramu 64 hivi za kafeini, na unakunywa jani zima. Ukipiga bakuli mbili saa moja jioni, usingizi hauna kosa kukukimbia. Kichefuchefu mara nyingi ni cha tumbo tupu. Ndiyo sababu nyingine ya kile kitamu. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na mlo, kwa kuwa chai huzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Aisogeze mbali na chakula saa moja au mbili. Mjamzito aihesabu pamoja na kahawa na chai yake nyingine, na amuulize mhudumu wa kliniki.

Mtawa wa Kijapani Eisai, aliyerudi kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai, alimpelekea shoguni (mtawala wa kijeshi) Sanetomo bakuli la chai mwaka 1214 shoguni alipokuwa na mning'inio wa pombe. Nimejaribu kwa rafiki baada ya harusi. Alisema kichwa kimetulia ila tumbo halijasamehe.

Nikiweka maziwa ladha inapotea

Itapotea. Maziwa hufunika kile hasa ulicholipia. Nunua unga wa bei ya chini kwa ajili ya maziwa, ongeza hadi gramu 3 au 4, piga kwanza na maji kidogo ndipo utie maziwa. Kopo zuri liachie maji.

Chaseni imevunjika meno, au ina madoa meusi

Meno machache kukatika ncha baada ya miezi ni uzee wa kawaida. Zinazochongwa Takayama, mkoani Nara, hutoka kwenye kipande kimoja cha mwanzi, na mwanzi huchoka. Zikivunjika wiki ya kwanza, ulipiga ikiwa kavu au uliikandamiza. Madoa meusi ni ukungu, na kwa unyevu wetu unakuja upesi. Kosa ni kuirudisha kwenye kile kichupa chake cha plastiki ikiwa mbichi. Isuuze kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, ikung'ute, isimamishe meno yakiwa juu mahali penye upepo. Mimi ninaiweka dirishani pembeni ya mswaki wangu, na mgeni mmoja tayari ameshaniuliza ni brashi ya kunyolea ndevu. Ikiwa na ukungu ndani ya meno, itupe.